Dada Aliposema Wanaspliti

Dada yangu mkubwa hakutaka kulitamka neno talaka mbele ya mama. Alinipigia simu nikiwa nyumbani kwa mama, mtaa wa Ansab, Maskati, nakanda unga wa chapati, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na unga nikaiweka simu kwenye spika. Akasema, kwa Kiingereza chake cha ofisini, kwamba yeye na mumewe wanaspliti.

Mama kazaliwa Unguja na Kiingereza hajui, lakini neno hilo alilijua. Maskati nzima, spliti ni kiyoyozi cha ukutani.

"Imeharibika tena?" akauliza.

Simu ilikuwa imeshakatika. Mimi nikaendelea kukanda.

Joto la mwezi wa sita halisubiri. Mama akampigia fundi wake, Mkenya anayekaa Wadi Kabir, na asubuhi yake fundi akafika kwa dada, Al Khoudh, ngazi begani. Shemeji ndiye aliyefungua mlango.

"Mama amenituma. Amesema mko na shida ya spliti."

Shemeji akaduwaa. "Mama ameshajua?"

"Amejua tangu jana. Amesema nisitoke hapa kabla mambo yakae sawa."

Fundi akakagua chumba baada ya chumba, akakuta vyote vinapoza, akaenda zake. Shemeji, mtu mwenye haya, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaja Ansab kumwomba mama radhi. Alizungumza sana juu ya subira na nasibu. Mama alikuwa akiitikia kwa upole, mpaka alipofahamu kwamba hazungumzii kiyoyozi.

Alipoondoka, mama akanigeukia. "Hiyo spliti ina maana ngapi?"

Nikamwambia: kupasua kuni, kugawana kitu, kuondoka mahali, na watu kuachana.

"Yote hayo neno moja? Maskini Waingereza." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu anaachika, mimi nampelekea fundi!"

Jioni ile akamwita dada. Hakumuuliza sababu. Alimtaka aseme kwa Kiswahili, na dada aliposema akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Waliachana kabla ya Ramadhani. Dada akarudi Ansab na watoto wake. Shemeji mpaka leo huja siku ya Idi kumwamkia mama, naye humwita mwanangu na kumpakulia biriani. Dada hukaa jikoni mpaka shemeji amalize kula.