Siku Mama Alipokula Mbele ya Baba

Enzi zetu pale Kawajense, kuku akichinjwa majirani wote walijua, na sisi watoto hatukuhitaji kuitwa mara mbili. Mimi na pacha wangu Kulwa tulicheza kombolela mpaka magoti yakageuka rangi ya barabara, lakini harufu ya kitunguu kikikaangwa ilitutoa mafichoni wenyewe. Hapo ndipo tulipoachana. Kulwa, kwa kuwa ni wa kiume, alikwenda kula na baba barazani. Mimi Doto nilibaki jikoni na mama, macho yakinitoka machozi kwa moshi, tukila ugali na shingo na miguu ya kuku yule yule.

Ndivyo tulivyokuwa sisi Wasukuma tuliohamia Mpanda na ng'ombe wetu. Mke hakula mbele ya mumewe. "Mwanamke mwenye adabu hatafuni mumewe akimtazama," mama alikuwa akisema, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Firigisi nayo ilikuwa ya baba. Ingekosekana kwenye bakuli lake siku moja tu, nadhani wazee wa ukoo wangeitwa.

Lakini kulikuwa na kitu nilichokipenda kuliko hiyo nyama. Kila siku, baba akishameza matonge mawili matatu, alimgeukia Kulwa: "Muulize mama yako kama amekula." Kulwa alikuja mbio huku mdomo umejaa, akauliza, mama akajibu, "Mwambie nakula," Kulwa akarudi mbio. Kati yao palikuwa na ukuta wa tope tu. Mara nyingine mama alikuwa hajagusa kitu, ametugawia wadogo zangu na mimi, na bado alijibu kwamba anakula.

Nilitamani sana niwaone siku moja wameketi mahali pamoja. Tulipocheza kupikapika, Kulwa baba na mimi mama, nilijibanza kando yake nikala ugali wa udongo kwa mbwembwe zote. Mama alituona akacheka sana. Kisha akaniambia taratibu, "Usije ukafanya hivyo kwa watu, mwanangu." Adabu niliishika, ila kile kicheko ndicho kilichobaki moyoni. Nilihisi hata yeye anatamani.

Basi mwaka huu walipotimiza miaka arobaini ya ndoa, mimi na Kulwa tukala njama. Asubuhi tungewapeleka Sitalike wakawaone viboko, na mchana tungekula hotelini mjini, wote meza moja. Jamani, nilifurahi utadhani bibi harusi ni mimi! Mama alivaa kitenge kipya, baba akavaa koti lake la kwenda kanisani, jua la Mpanda likimchoma naye hataki kulivua.

Pale Sitalike viboko walikuwa wamejazana majini kama viazi chunguni. Baba, ambaye zamani alituchapa kwa kusogelea mto tu, leo alikuwa wa kwanza ukingoni, amemshika mama mkono asiteleze.

"Mama Kulwa, muone yule anavyopiga miayo," alisema. "Kama mwenyekiti wetu kwenye mkutano."

"Nyamaza, Baba Kulwa, atakusikia," mama akajibu, na wote wawili wakacheka kama watoto waliotoroka shule. Nilikuwa na furaha ya kunipasua kifua.

Tulipokaribia mjini, mama akaniegemea garini. "Nyie kuleni tu," akaninong'oneza. "Mimi nitakula nyumbani." Moyo ukanianguka. Siku nzima niliipanga kwa ajili ya sahani hiyo moja.

Hotelini tuliletewa kuku wa kienyeji mzima, ugali na mboga. Meza ya jirani waliketi kijana na mchumba wake, wameupiga picha mlo wao kila upande mpaka chipsi zikapoa, kisha kila mmoja akainamia simu yake. Nilidhani wamegombana. Kumbe wanachati, labda wao kwa wao!

Baba alinawa, akakata tonge, akala. Akakata la pili. Mama alikuwa ameficha mikono chini ya kitenge, anaangalia dirishani kama anayesubiri basi. Nilimkanyaga Kulwa mguu afanye kitu, naye akanikanyaga vilevile.

Baba akameza tonge la tatu, akamgeukia Kulwa bila kufikiri. "Muulize mama yako kama amekula."

Mama yuko mbele yake! Magoti yao yanakaribia kugusana! Na Kulwa, mtu mzima mwenye kitambi na watoto wake shuleni, akainuka, akazunguka meza, akasimama kama alivyosimama zamani mlangoni mwa jiko.

"Mama, baba anauliza kama umekula."

Mama akamtazama Kulwa, akamtazama baba, akaangua kicheko mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ni kicheko kile kile cha siku ya ugali wa udongo. Baba naye akagundua alichofanya, akatikisika mabega bila sauti. Kisha akachukua firigisi kwa vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya mama.

"Leo kula wewe, Mama Kulwa."

Mama akaikata katikati. Nusu akamrudishia baba, nusu akaitia mdomoni, akatafuna polepole huku akimtazama usoni. Nilipiga vigelegele, mhudumu akaja mbio akidhani kuna aliyepaliwa.

Siku hizi tuna meza nzuri, mume huku na mke kule, hakuna ukuta wala moshi. Mimi na mume wangu tunakula hivyo kila jioni, na sikumbuki ni lini mmoja wetu alimuuliza mwenzake kama amekula. Wazee wetu walitengwa na ukuta wa tope, na swali lile halikuwahi kukosa wa kulipeleka.

Jana nilimpigia Kulwa anieleze habari za nyumbani. Anasema wamerudia mambo yao, baba barazani, mama jikoni. Ila mama amehamisha kigoda chake, siku hizi anakaa mlangoni pa jiko, na baba hamtumi mtu tena. Anauliza mwenyewe.