Nilifunga orodha za mwenzangu kwa wivu

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Newala. Nimesomea kompyuta na nasimamia mitambo ya kompyuta ya kampuni binafsi inayogawa salfa ya mikorosho huku Masasi. Mchumba wangu ni mtunza stoo hapohapo. Posa yake nyumbani wameshaipokea.

Mwaka huu aliajiriwa dada mmoja, nimwite Zena, wa kuandaa orodha za wakulima. Mchumba wangu akaanza: "Zena ana akili bwana, orodha zake hata kipofu anasoma." Mimi niliyeijenga mitambo ile hajawahi kunisifu hivyo.

Kwenye kompyuta zetu kila faili jipya huzaliwa na ruhusa zake, nani afungue na nani asifungue. Ruhusa hizo za mwanzo hupangwa kwa amri iitwayo umask. Nikaingia kwenye programu ya Zena, nikaandika juu kabisa: umask 077. Tangu hapo kila orodha aliyoitoa ilifunguka kwake tu. Mchumba wangu aliponiuliza mbona hazifunguki kwake, nikamjibu, "Si ukamuulize aliyezifunga?"

Akaenda kweli. Ikawa kila asubuhi anabeba kiti, anakaa kwa Zena, wanasoma pamoja bega kwa bega. Vicheko vyao nilivisikia mezani kwangu.

Wiki iliyopita Zena aliugua. Wakulima wa Chiungutwa walifika na baiskeli zao kuchukua salfa, na stoo haitoi bila orodha; orodha haifunguki. Mimi nina ruhusa zote, ningeifungua kwa dakika moja. Nikasema, "Bado nachunguza." Mama mmoja akanitazama: "Mwanangu, ugonjwa wa ubwiri haungoji kompyuta. Maua yakiungua tutavuna majani?" Wakaondoka bila salfa.

Sasa bosi anaamini Zena alificha orodha makusudi. Jumatatu anamwachisha kazi, anasubiri tu ripoti yangu. Jana Zena alinishika mkono: "Dada, wewe ndiye unayejua. Nimekosea wapi?" Mchumba wangu akadakia, "Msaidie, mama. Huyu hana hila." Hata hapo, nilichosikia mimi ni jinsi anavyomtetea.

Mstari ule nimeshaufuta, lakini kufuta hakufungui orodha zilizokwisha kutoka. Nikisema kweli, kazi sina, na yeye atajua anaoa mtu wa namna gani. Nikinyamaza, nitaolewa na mwanamume asiyenijua.

Ripoti nimeiandika yote, imebaki sehemu ya jina la aliyekosea. Ndugu zangu, msinionee haya. Niandike jina la nani?