Fidla na Jembe la Mwenyekiti

Mwenyekiti wa tawi letu la chama pale Kilosa hakupenda fidla. Alisema ni muziki wa Kiarabu, wa mabwanyenye, unalegeza viuno wakati taifa linataka migongo. Kikundi chetu cha taarabu kilikuwa na fidla nne, udi, kanuni na dumbaki, pamoja na chumba nyuma ya soko tulichopewa wakati wa Uhuru, siku zile kila mtu alipokuwa mkarimu. Sasa mwenyekiti alikitaka kiwe ghala la mbolea. Mbolea yenyewe ilikuwa haijafika, lakini ghala lake lilikuwa la haraka. Tukinyang'anywa chumba kikundi kingekufa, maana hakuna mke ambaye angekubali kanuni na nyuzi zake zote zikae sebuleni na watoto.

Ndipo wakaja wapiga picha za sinema kutoka Dar es Salaam, kutengeneza filamu ya kijiji cha ujamaa upande wa Rudewa. Mwenyekiti akashona suti mpya, akaenda kupigwa picha akilima. Ilibidi arudie, kwa sababu mwanzo alishika jembe kama mtu anayefukuza nyoka. Kisha akaomba maji na kiti.

Mkuu wao alikuwa kijana wa ndevu, na ngoma alikuwa amezichoka. Alitaka muziki mkubwa wa kujaza ukumbi, kama wa picha za Misri. Akatuita, akasema, "Ndugu zangu, nipigieni kitu cha kuinua moyo." Kiongozi wetu, mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kupiga kitu cha kuinua moyo, akakubali hapo hapo. Tukapiga tulichokijua: fidla zote nne zinashuka pamoja, taratibu, na udi unazijibu kwa mbali. Kijana akafumba macho akasema hiyo hiyo. Mwenyekiti naye hakupinga, maana sinema ilikuwa yake. Akatuambia habari ya chumba ataiamua filamu ikishaoneshwa.

Gari la sinema lilikuja baada ya mavuno, likaegeshwa uwanja wa mpira. Kijana wa ndevu alisahau jambo moja. Watu wetu walikuwa wameoneshwa picha za Misri miaka mingi katika ukumbi wa Mhindi mmoja, na kwa kuwa Kiarabu hawakukijua, hadithi waliifuata kwa muziki. Fidla zikishuka vile, mtu anakufa. Mara nyingi ni kifua kikuu.

Mwenyekiti akatokea kwenye kitambaa, jembe juu. Fidla zikashuka.

"Masikini," mama mmoja nyuma yangu akasema. "Huyu hafiki mavuno."

"Na watoto wake bado wadogo!"

Akainua jembe tena. Wanawake wakajifunika khanga. Mkulima mmoja wa Msowero akampigia kelele mwenye mashine aisimamishe, mgonjwa apumzike. Filamu ilipomalizikia kwenye mahindi matupu, mwenyekiti haonekani tena, uwanja mzima ukaangua kilio. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mbele, mzima wa afya, shingo imekakamaa.

Asubuhi akaniita, maana nilikuwa katibu wa kikundi. Nilikwenda na ufunguo wa chumba mfukoni, nimeshakata tamaa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Kaa." Akafunga mlango. "Nilipougua mwaka jana, walikuja watu wawili kunijulia hali. Mmoja alitaka kibali cha kusafirisha mahindi." Akavua kofia, akaitazama ndani. "Niambie kweli. Jana walinililia mimi, au walililia fidla?"

Nilikuwa nimemchukia mtu yule siku nyingi, na sikutaka kabisa kumwonea huruma. Nikamwonea, na hilo likanikera.

"Walikulilia wewe, mwenyekiti."

Akageukia dirisha, akakohoa kidogo, akapangusa uso kwa kiganja.

"Ufunguo kaa nao," akasema. "Mbolea tutaitafutia pengine." Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena. "Jumamosi nina mkutano Mikumi. Njooni na fidla zote nne. Nikisimama tu kuhutubia, mpige ile ile."