Simu za Taratibu

Kambini tulimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wetu wa jenereta, mtu wa kufunga nati kama anamfunga mtoto vifungo vya shati. Hakugombana na mtu. Kuna siku mwenzake alimmwagia oili kwenye godoro, yeye akasema tu, "Pole, hukuteleza?" Mimi nilikuwa mpishi wa kambi, na mdomo wangu hauna breki. Nilimchokoza makusudi nione atawaka lini. Hakuwaka.

Kambi ilikuwa ya kuvunja mawe ya barabara, mahali ambapo hata kunguru alipita juu bila kutua. Mtambo wa kusaga kokoto na jenereta vilinguruma tangu alfajiri mpaka tunaingia kulala. Ukitaka kuomba chumvi, ulipaza sauti kama unafukuza mwizi. Tulizoea. Mtandao wa simu nao ulishika sehemu moja tu, kwenye ngazi ya tangi la maji, na jenereta lilikuwa chini ya ngazi hiyo. Hapo ndipo Taratibu alipompigia mkewe kila jioni, mwaka na nusu mzima, amejifunika koti zito kichwani yeye na simu yake, ili ngurumo isimsumbue mama wa watu.

Kazi ilipoisha tukaondoka watatu kwa pikapu: dereva wa kambi, Taratibu na mimi. Tulikusudia iwe safari ya raha, ya siku mbili, kusimama tunapotaka, na mimi kula chakula nisichokipika. Dereva alifurahi mpaka akawa anayaamkia mashimo ya barabarani. Taratibu peke yake alikaa katikati yetu amejikunyata, mkoba mapajani.

Nilimuuliza kulikoni.

"Mama watoto ameniambia, njoo, tutaongea."

"Kuhusu nini?"

"Hakusema. Siku hizi ananijibu kwa mkato tu. Ndiyo. Hapana. Haya. Nadhani amenichoka, Shangazi. Naenda kuambiwa nichukue nguo zangu."

Shangazi ndiye mimi, shangazi wa kambi nzima. Mwanamke akisema tutaongea bila kutaja jambo, mara nyingi moyoni ameshafunga mjadala. Nilimmenyea chungwa, akala, tukaendelea na safari.

Siku ya pili mchana tulisimama kwenye mji mdogo, tukaingia mgahawa wa meza za plastiki. Palikuwa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani. Mhudumu alifuta vikombe, na pembeni mzee mmoja alikunywa chai yake. Tuliagiza chai na mayai. Taratibu akatoa simu amwambie mkewe kwamba tungefika kabla ya jua kuzama.

"Haloo! Unanisikia? Nakuja leo! Nasema leo! Mtoto yuko wapi? Nakuuliza, mtoto yuko wapi?"

Mhudumu aliacha kufuta. Mzee alihamisha kiti chake. Simu ilipokatika, dereva aliweka kikombe chini.

"Kaka, shemeji amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Sasa mbona unamgombeza?"

"Nani anagombeza? Si naongea na simu."

Nilianza kucheka, kisha nikaikumbuka ile ngazi ya tangi.

"Taratibu," nikasema, "ndivyo unavyoongea naye siku zote?"

"Pale kwenye ngazi ningefanyaje? Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijisikii."

"Na lile koti. Ngurumo alikuwa anaisikia?"

"Hapana," akasema, akasukuma kikombe kando. Chai yake ilipoa hapo hapo mezani. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu: wema wake wote wa kujifunika koti kwenye joto lile ndio uliomponza.

Njia iliyobaki tulimfundisha kuongea. Dereva alizima redio. "Shusha," anamwambia, "shusha tena." Taratibu anashusha, gari likipanda kilima na injini ikivuta, na sauti yake inapanda nayo. Tulicheka, naye alicheka kidogo, lakini mkoba aliubana mapajani.

Nyumba yao ni ya vyumba viwili, na pazia la bluu mlangoni. Mkewe alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Binti yao mdogo alichungulia nyuma yake, hakusogea. Taratibu akashuka. Sisi tulibaki ndani ya gari, vioo chini, kwa sababu umbea hauna likizo.

"Habari za hapa," alisema, kwa sauti ndogo mpaka nikainamisha kichwa nje.

Mkewe alimtazama kama anayemfananisha.

"Mke wangu, pale nilipokuwa nakupigia, jenereta lilikuwa chini ya miguu yangu. Nilikuwa napaza sauti niishinde ile kelele. Sikuwa nimekukasirikia. Hata siku moja."

Mwanamke aliacha kujifuta mikono.

"Mwaka na nusu," akasema, "simu yako ikiita nilikuwa naenda kuipokelea nyuma ya choo, mtoto asisikie baba yake anavyonigombeza."

Taratibu alijishika kichwa. Dereva aligeukia upande wa pili, na mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Kisha mkewe akasogea, akampokea mkoba.

"Ingia," akamwambia. "Leo nitakusikilizia ndani."