Mashine kwa Mashine

Fundi cherehani huyu hakati simu za matangazo. Ile sauti isiyopumua ikianza, "Mpendwa mteja, bonyeza moja," hutema pini kiganjani, huilaza simu kando ya cherehani na kukanyaga pedali kwa nguvu. "Haya, mashine kwa mashine, semezaneni!" Halafu hucheka mpaka mbavu zimuume. Leo, roho mkononi, alikuwa akisubiri habari za binti yake aliyekwenda kujifungua, namba ngeni ikaita. Kwa mazoea akapokea, akailaza simu, akakanyaga. Katikati ya tatatata ikapenya sauti: "Mama! Ni mimi, nimeazima simu ya nesi! Umepata mjukuu!" Miguu ikaganda, lakini gurudumu likaendelea kuzunguka. Akakizaba cherehani kofi. "Nyamaza wewe, huna adabu? Mwanangu anaongea!"