Osuri ya Chuma

Nimerudi jana kutoka nyumbani Kosele na mwili wote unaniuma, utadhani nilikuwa nalima. Sikulima. Nilikaa kwenye kiti uani nikiangalia fundi akipandisha mabati juu ya nyumba ya marehemu Baba. Paa lake la zege limevuja miaka mingi, na Mama amechoka kusukuma kitanda huku na huku kila mvua ikinyesha. Kakangu mdogo alinipigia simu akasema, "Dada, tumalize hii maneno." Nikakubali. Siku hizi nakubali haraka, nguvu za kubishana zimeniishia.

Lakini wewe nikueleze, maana miaka ya tisini ulikuwa mtoto kama mimi na utanielewa.

Baba alikuwa fundi wa zege Nairobi. Krismasi moja alikuja na kalenda iliyopitwa na wakati, aliyopewa na wachora ramani za majengo. Kila mwezi ulikuwa na picha ya jumba la ajabu. La Australia lilikuwa kando ya maji, mapaa yake yamesimama kama magamba ya samaki ngege. La Ufaransa lilikuwa vioo vitupu, limechongoka. La Marekani lilikuwa jeupe, limejizungusha kama konokono. Baba alitufunulia mwezi mmoja mmoja huku akitafuna nyoyo, mahindi na maharagwe ya Mama, na vidole vyake vilivyopasuka kwa simiti vikizipapasa zile picha. Alisema na sisi tutakuwa na nyumba ambayo mtu akipita barabarani atasimama.

Dani, nyanya yetu mzaa Baba, alizitazama zote. Kisha akauliza, "Hawa wenye nyumba walikufa wote?"

Usicheke. Kwetu, nyumba ya mwenye boma huwa na kijiti kimechomoza pale juu kabisa kileleni. Hiyo ndiyo osuri. Ikiwepo, mwenye nyumba yuko hai. Akifa, wazee wanaivunja. Dani alitafuta osuri kuanzia Januari mpaka Desemba, hakuona hata moja. "Yawa! Kumbe dunia nzima imejaa wajane," akasema, na alisikitika kweli kweli. Sisi watoto tulicheka mpaka Mama akatufukuza jikoni.

Baba alijenga hata hivyo. Ukuta wa mbele aliupinda kama ule wa konokono, na paa akalilaza, zege tupu. Siku ya kulimwaga, majirani walifika mapema. Koleo zilikwaruza kutwa nzima, karai zikipita mkono kwa mkono, na Mama akisonga ugali wa watu wote hao, na omena, dagaa wetu wa ziwani, inanukia hadi barabarani. Baadaye kazi yetu ikawa kupanda ngazi na ndoo kila tukitoka shule, tumwagilie zege maji lisipasuke. Nilipenda kuwa kule juu. Zege lilikuwa na joto chini ya nyayo, na ng'ambo uliona milima ya Homa na ziwa likimetameta. Mpaka leo harufu ya simiti mbichi inanipa njaa ya omena.

Tukahamia, ila Dani akakataa kuingia. "Siwezi kula kwa mtu aliyekufa na bado ananisalimia," alisema. Alileta kigoda chake akakaa nje ukutani, na nyumba yenyewe haikuwa na upenu, kwa hivyo mvua ilimnyeshea amefunika sahani kwa leso. Baba alisimama mlangoni akimbembeleza.

"Mama, ingia, tafadhali."

"Weka osuri niingie."

"Nitaiweka wapi, Mama? Kilele hakuna."

Ilimuumiza sana. Nyumba ambayo mamake haingii ilikuwa nyumba gani? Akaanza kuacha chakula sahanini, na ile kalenda akaitoa ukutani.

Sasa, kwenye pembe za paa Baba alikuwa ameacha vyuma vimechomoza, vya kushikia ghorofa ambayo angejenga baadaye. Asubuhi moja Dani, akiwa pale kigodani, alinyoosha kidole kwenye kile kirefu zaidi. "Na kile?" Baba akafungua mdomo aeleze habari za ghorofa. Akamtazama mamake, akaufunga. "Hiyo ndiyo osuri, Mama." Dani akainuka, akajipangusa sketi, akaingia na kuuliza kama kuna chai. Baba aligeukia ukuta akalia, nilimwona. Ghorofa haikutajwa tena.

Baba alikufa kabla miaka hiyo ya tisini haijaisha. Tulipomzika, wazee walipanda juu kuvunja osuri. Walikivuta kile chuma, wakakipiga shoka, jasho likawatoka, kikapinda tu. Dani, aliyekuwa ametoka kumzika mwanawe, akawaita kutoka chini: "Kiacheni. Kimekataa." Basi kikabaki. Na kila asubuhi, mpaka alipokufa yeye mwenyewe, Dani alitoka nje, akainua macho kwa kile chuma kilichopinda, akasema, "Oyawore, wuoda." Habari ya asubuhi, mwanangu. Halafu akaenda kufungulia kuku. Sisi sote tukaizoea hiyo salamu, na mimi kila nikirudi nyumbani niliitoa.

Juzi fundi alisema vyuma vinazuia mabati. Wote wakanitazama, mimi ndiye kifungua mimba. Nikasema kata. Chuma kilichowashinda wazee, mashine ilikikata kabla chai yangu haijapoa. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliweka ungo chini, akajifunika leso kichwani kama siku ile ya mazishi.

Kalenda ilishaliwa na mchwa, na kigoda sijui kiko wapi. Jana asubuhi, kabla ya kuondoka, nilitoka uani nikainua macho kama nilivyozoea. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa, na ingawa usiku mvua ilinyesha, kitandani kwa Mama palikuwa pakavu. Nikasema oyawore, halafu nikasimama pale bila kujua namsalimia nani.