Maneno ya Gatuanyaga Aliyoyafuta Gachau

Selpha hakuzaliwa na hasira. Hasira alipewa na kazi. Baba yake alitoka Bungoma akaja kuajiriwa kiwandani Thika, naye Selpha akakulia mtaa wa Makongeni, akasoma, na leo kazi yake ni kutunza Kiswahili cha programu ya simu inayowaelekeza wafugaji namna ya kutibu mifugo. Ofisi iko Kamakis, juu ya mahali pa nyama choma, na moshi huingia hata dirisha likifungwa.

Watu hudhani mtafsiri hukaa na kamusi. Selpha hukaa na skrini nyeusi. Huandika amri ya kuvuta, faili za maneno zikashuka kutoka kwa seva, kompyuta kuu inayohifadhi kazi ya wote. Akishazirekebisha huandika amri ya kutuma, zikapanda. Sheria ya ofisi ni moja, na aliyeitunga ni bosi wao, Gachau: usiguse faili kabla hujavuta.

Ijumaa moja Gachau mwenyewe akaivunja. Wafadhili walikuwa wamekuja, akataka waone kwamba hata yeye ni fundi. Akatuma faili kuukuu iliyolala kwenye laptop yake tangu mwaka jana. Mashine ikakataa, ikamwonya kwamba iliyo kwenye seva ni mpya zaidi. Mwungwana akaongeza neno la kulazimisha, akabonyeza, akapigiwa makofi.

Jumatatu Selpha akaingia, akatii sheria, akavuta. Faili ya Gachau ikashuka, ikafunika yake. Seva haikuwa na nakala ya zamani, kwa sababu Gachau alisema nakala ni anasa. Kazi yote ya kuzunguka Gatuanyaga, nje ya Thika, boma kwa boma, kuwauliza wafugaji wanavyoita dalili hii na ugonjwa ule, ikaenda na maji. Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulimkata Selpha tu. Akaenda na hasira yake hadi mezani kwa Gachau, na haki alikuwa nayo.

"Boss, ulitumia force?"

"Relax, Selpha. Ni maneno tu. Kiswahili si kiko?"

"Hii ni draft ya kwanza! Hakuna mtu Gatuanyaga anaielewa!"

"Wataizoea."

Kabla Selpha hajamjibu, simu yake ikalia. Alikuwa Muthoka, mfuga mbuzi wa Gatuanyaga, yule aliyemkusanyia majirani.

"Selpha, nimefungua hiyo kitu yenu. Hakuna hata neno moja letu. Si ungetuambia mapema ati hamyataki? Tuliacha mifugo tukakaa na wewe."

Hapo ndipo damu ilimchemka kabisa. Muthoka alikuwa anamwona mwongo, na kosa lilikuwa la mtu aliyekaa mbele yake akinywa chai. Hakujitetea. Alifungua spika, akaiweka simu juu ya kibodi ya Gachau.

"Mwambie wewe."

Gachau akakohoa. "Mzee, kulikuwa na technical issue kidogo..."

"Nani alifuta?"

Selpha alisimama palepale, hakumwondolea macho.

"Ni mimi," Gachau akasema.

Muthoka akamjibu: "Basi kuja wewe uyakusanye upya. Usitume huyu msichana tena. Watu wanapatikana asubuhi wakimaliza kukamua. Na ukuje na pikipiki, barabara ni mbaya."

Gachau akafungua mdomo kutafuta udhuru. Selpha akaichukua simu yake.

"Atakuja kesho, mzee," akasema, wala hakumwuliza bosi.